Mbwa wa Nywele za Kinyume

Ntimaru ni mji mdogo katika Kaunti ya Migori, upande wa mashariki wa nchi ya Wakuria, karibu sana na mpaka wa Tanzania. Nchi yake ni ya vilima, yenye baridi asubuhi, na watu wake hulima mahindi, ndizi na tumbaku. Lakini ukitaka kujua mali ya mzee wa Kikuria, usiulize habari za shamba, uliza habari za zizi. Ng'ombe ndio mahari ya kijana, ndio akiba ya nyumba, ndio heshima ya baba mbele ya wenzake. Kwa sababu hiyo ni nadra kuona boma lisilo na mbwa. Mbwa wenyewe si wa kutazamwa. Ni wa kimo cha kati, wembamba, wenye nywele fupi za rangi ya udongo, au nyeusi zenye mabaka meupe, na mkia uliojikunja. Ukiwakuta mchana wamelala kivulini utadhani hawana kazi duniani.

Nilipata kulala katika boma moja la huko nilipokuwa kijana. Usiku wa manane mbwa walibweka, nami nikaketi kitandani. Mzee mwenye boma hakujisumbua. Baada ya muda walibweka tena, kwa sauti nyingine, na safari hii mzee alijifunga shuka, akatwaa rungu na tochi, akatoka. Aliporudi nilimwuliza, "Mzee, mbona mara ya kwanza hukutoka?"

"Mwanangu," akasema, "mara ya kwanza walisema fisi. Mara ya pili walisema mtu."

Mtu mwenyewe alikuwa jirani aliyechelewa kurudi kutoka mnadani. Nikamwambia mzee kwamba Nairobi kuna majibwa makubwa ambayo yangemrarua jirani yule kabla hajafika zizini. Mzee alifikiri kidogo, kisha akauliza, "Na kesho yake ningezungumza na nani?"

Swali lile lilinifanya nitafute habari za majibwa yale, umbo lao na tabia zao, na mahali yalikotoka. Nilichokikuta sikukitarajia. Jibwa mashuhuri kuliko yote yaliyotokea kusini mwa Afrika halikuanzia nyuma ya lango la tajiri. Lilianzia katika boma la wafugaji, watu waliolinda ng'ombe kama Wakuria wanavyolinda wao.

Mtu apitaye katika mitaa ya Nairobi yenye nyumba kubwa na miti mingi, kama vile Karen na Muthaiga, hawezi kukosa kuona vibao vilivyotundikwa langoni, na juu ya kibao maneno mawili: MBWA KALI. Mwanafunzi aliyefundishwa sarufi atacheka kimoyomoyo, maana mbwa ni kiumbe mwenye uhai, na ilipasa iandikwe "mbwa mkali". Kosa hilo si la fundi wa kibao. Ni masalio ya kile Kiswahili cha jikoni na shambani kilichoitwa Kisetla, ambacho walowezi wa Kizungu walikitumia kuwaamrisha watumishi wao bila kujisumbua na ngeli. Walowezi wengi walikwenda zao baada ya uhuru wa 1963, na nyumba zikapata wenyewe wapya. Kibao kikabaki kama kilivyokuwa, pamoja na sarufi yake. Na mara nyingi aliyelala nyuma ya kibao hicho ni mbwa mrefu mwekundu aitwaye Rhodesian Ridgeback, yaani mbwa wa Rhodesia mwenye tuta mgongoni.

Kwa umbo ni mnyama mzuri, wala sioni haya kusema hivyo. Dume hufikia kimo cha sentimita 63 mpaka 69 begani, na jike hupungua kidogo. Uzito wa dume ni kama kilo 36, ambao hautimii hata nusu ya gunia la mahindi la kilo 90. Ukubwa wake basi si wa unene, ni wa misuli na miguu mirefu ya kukimbia. Kifua chake kimeshuka chini, masikio yamelala kando ya kichwa, nywele ni fupi na za kung'aa, na rangi yake ni ya ngano, tangu ngano changa iliyopauka hata ngano iliyoiva ikakaribia wekundu. Lakini alama yake iko mgongoni. Nyuma ya mabega hadi karibu na nyonga kuna ukanda wa nywele zinazoelekea mbele, kinyume cha nywele nyingine zote za mwili, hata zikasimama kama tuta dogo la shamba. Tuta hilo ni pana huku mbele, nalo huenda likipungua kuelekea nyuma. Mwanzoni mwake iko mizunguko miwili ya nywele inayotazamana, mfano wa ule ulioko utosini mwa mtoto.

Mgeni amwonapo kwa mara ya kwanza hudhani mbwa ameghadhibika na nywele zimemsimama. Sivyo. Amezaliwa hivyo, na hata akiwa usingizini tuta liko pale pale.

Wa kwanza kuwa na mbwa wa tuta walikuwa Wakhoikhoi, wafugaji wa Rasi ya Tumaini Jema katika ncha ya kusini ya Afrika. Walifuga ng'ombe, na kondoo wenye mikia ya mafuta, wakihama kufuata majani na maji, na mbwa wao waliwafuata wakilinda makundi usiku na kuwinda pamoja nao mchana. Mwanahistoria George McCall Theal, aliyeandika habari za nchi ile, aliwaeleza mbwa hao kuwa ni wabaya wa sura, wenye umbo la mbweha na nywele za uti wa mgongo zilizogeukia mbele. Lakini alikiri kwamba walikuwa waaminifu na wenye manufaa. Neno hilo la ubaya wa sura nimelisikia pia likisemwa juu ya mbwa wa Ntimaru, na waliolisema walikuwa watu wasiowahi kulinda ng'ombe hata usiku mmoja.

Mwaka 1652 Jan van Riebeeck alitia nanga pale Rasini kwa niaba ya Kampuni ya Uholanzi ya Mashariki ya India, ili apande mboga na kununua nyama kwa ajili ya merikebu. Wakhoikhoi waliwauzia wageni ng'ombe. Baadaye wageni walitaka na malisho, na vita vikatokea. Mwaka 1713 ndui iliingia nchini, ikaua watu wengi mno. Vizazi vichache baada ya ile nanga, wafugaji wengi wa Rasi walikuwa wamepoteza mifugo na ardhi, wakawa wachungaji wa kulipwa katika mashamba yaliyokuwa malisho yao. Mbwa wao hawakupotea. Walichanganyika na mbwa walioletwa kutoka Ulaya, na katika watoto waliozaliwa lile tuta liliendelea kuonekana mgongoni, kizazi hata kizazi, kama hati ya umiliki ambayo hapana aliyejali kuisoma.

Sasa msomaji anifuate kaskazini, mpaka nchi ya Wandebele, ambayo leo ni sehemu ya Zimbabwe. Karibu na Bulawayo palikuwa na kituo cha wamisionari kilichoitwa Hope Fountain, na humo aliishi Charles Helm wa London Missionary Society. Katika miaka ya 1870 Helm alileta kutoka kusini majike mawili yenye tuta mgongoni. Mwindaji mmoja, Cornelius van Rooyen, aliyapenda, akayazalisha na mbwa wake mwenyewe, na uzao wake ukasifika nchi nzima kwa kuwinda simba.

Jina la Helm mwanafunzi wa historia atalikuta mahali pengine pia. Tarehe 30 Oktoba 1888 mfalme Lobengula alitia alama yake juu ya karatasi iliyoletwa na Charles Rudd, mjumbe wa Cecil Rhodes, na aliyemfasiria mfalme maneno alikuwa huyo huyo Helm. Kwa mdomo mfalme aliahidiwa kwamba Wazungu wasiozidi kumi ndio watakaokuja kuchimba madini. Katika karatasi ahadi hiyo haikuwamo. Kwa nguvu ya karatasi ile Rhodes alipata idhini ya serikali ya Uingereza, mwaka 1893 ufalme wa Wandebele ukaanguka kwa bunduki, na nchi ikaitwa kwa jina la Rhodes. Hivyo katika nyumba moja ya misheni ndimo alimopita mbwa aliyeitwa baadaye wa Rhodesia, na ndimo alimotoka mkalimani wa mkataba uliofungua njia ya Rhodesia yenyewe. Sisemi kwamba Helm alikusudia mabaya. Nasema tu kwamba mambo mawili hayo yakae pamoja katika kumbukumbu zetu.

Turudi kwa van Rooyen na simba, maana hapa ndipo tabia ya mbwa huyu ilipotiwa katika tanuri. Watu wengi hudhani mbwa wa simba alipigana na simba. Mbwa wa kilo 36 akipigana na simba hufa, na jambo hilo halina mjadala. Kazi yake ilikuwa kumfuata simba, kumzunguka, kubweka, kumkwepa kwa wepesi, kurudi tena, na kumzuia asiondoke mpaka mwindaji afike na bunduki. Fikiri basi ni mbwa yupi aliyesalia. Yule mwenye ghadhabu iliyopita kiasi alirukia kichwa cha simba, akafa, wala hakuacha watoto. Yule mwoga alikimbia kambini, na mwindaji hakumzalisha. Aliyebaki ni yule mwenye ushujaa uliochanganyika na hadhari, anayejua kukaribia na kujua wapi pa kukomea. Ni mithali ya zamani kwamba mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Lakini katika kazi ya simba ukali peke yake ulikuwa njia fupi ya kaburini.

Mwaka 1922 Francis Richard Barnes aliwakusanya wenye mbwa hao mjini Bulawayo, wakapatana juu ya sifa za mbwa kamili: kimo, rangi, masikio, na juu ya yote tuta. Baadaye sifa hizo zilikubaliwa na chama kikuu cha mbwa cha Afrika ya Kusini. Kuhusu tabia walitaka mbwa mwenye utulivu na heshima zake, asiyejipendekeza kwa wageni, lakini asiye mchokozi wala mwenye haya. Ajabu ni kwamba maneno hayo yanapingana waziwazi na kibao cha Nairobi. Wanaomfuga husema kwamba hubweka kwa nadra. Husimama, hutazama, huweka mwili wake kati ya mgeni na watu wake, kisha hungoja.

Lakini walipoandika sifa hizo walizaa na ubaya mmoja. Kwa kuwa tuta lilikuwa ndilo jina la mbwa, mtoto aliyezaliwa bila tuta alihesabiwa si kitu, na wafugaji wengi waliwaua watoto wa namna hiyo, ijapokuwa walikuwa wazima. Mwaka 2007 wataalamu wa jeni walionyesha asili ya jambo lenyewe. Tuta hutokana na kurudiwa kwa sehemu fulani ya urithi wa mbwa, na urithi wa mzazi mmoja tu watosha kulileta. Mbwa aliyerithi tuta kwa wazazi wote wawili ndiye aliye katika hatari zaidi ya kuzaliwa na ugonjwa wa kijitundu chembamba kinachotoka katika ngozi ya mgongo na kuzama ndani, pengine hata kufikia uti, na kuleta usaha na mateso. Watoto wasio na tuta ni nadra sana kupatwa nao. Basi kwa miaka mingi watu waliwaua walio wazima kwa ajili ya pambo. Desturi hiyo imelaumiwa sana, na wafugaji wengi wameiacha.

Tuta lenyewe halimsaidii mbwa hata kidogo katika ulinzi. Halisikii, halinusi, halibweki.

Kenya walowezi walikuja na mbwa wa kila namna. Karen Blixen, aliyekuwa na shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong tangu 1914 hata 1931, alifuga mbwa warefu wa Uskoti wa kuwindia kulungu. Polisi walianzisha kikosi chao cha mbwa mwaka 1948. Mbwa wa tuta alipata makao katika mashamba na katika mitaa ya matajiri, na kazi yake ikabadilika. Hapakuwa na simba wa kuzungukwa. Palikuwa na ua, lango na mtumishi apitaye asubuhi na jioni. Mbwa aliyefugwa kwa hadhari alitakiwa awatishe watu, na pengine alifundishwa kumchukia kila asiye wa rangi ya bwana wake. Wazee wengi wetu waliokuwa vijana siku zile wana makovu miguuni. Kosa hilo halikuwa la mbwa. Mwaka 1980 Rhodesia ikawa Zimbabwe, na jina la Rhodes likafutwa katika ramani. Katika vyeti vya mbwa lingalipo.

Swali la mzee wa Ntimaru, kwamba kesho yake angezungumza na nani, lilikwisha kuulizwa zamani sana kwa njia nyingine. Mrumi Columella, aliyeandika habari za kilimo katika karne ya kwanza baada ya Kristo, alishauri kwamba mbwa wa kulinda nyumba awe mweusi: mchana mwizi amwogope kwa sura yake, na usiku asimwone kabisa. Mbwa wa mchungaji yeye alimtaka awe mweupe, ili alfajiri katika utusitusi mchungaji asimpige akidhani ni mbwa mwitu. Na kuhusu tabia alisema mbwa wa nyumba asiwe mpole hata akamchezea mwizi mkia, wala asiwe mkali hata akawavamia watu wa nyumbani. Columella hakumjua Mkuria, wala Mkuria hakumsoma Columella. Ni kazi moja iliyowafundisha wote wawili.

Na kazi ya ulinzi Ntimaru ni nzito kuliko mgeni anavyodhani. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana juu ya mstari kutoka pwani ya Bahari ya Hindi hata ziwa la Victoria, na mstari huo ukaikata nchi ya Wakuria. Abairege wa Ntimaru wana ndugu wa ukoo huo huo upande wa pili, katika Tarime. Zamani vijana waliteka ng'ombe wa koo nyingine kwa mikuki, ili kupata mahari na sifa. Katika karne ya 20 utekaji uligeuka kuwa biashara, na ng'ombe walioibwa upande mmoja wakavushwa mpaka usiku na kuuzwa upande wa pili. Baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979 bunduki ziliongezeka mikononi mwa wezi. Watu wakaanzisha sungusungu, ulinzi wa kijiji kwa kijiji uliotokea kwanza kwa Wasukuma na Wanyamwezi.

Mbele ya mwizi mwenye bunduki meno ya mbwa yana faida gani? Jibwa lirukalo hupigwa risasi na habari yake huishia hapo. Faida iliyobaki ni sauti na akili: kusikia nyayo mbali, kupambanua fisi na mtu, kuamsha boma hili ili boma la jirani nalo liamke. Ndiyo maana mbwa mwembamba wa Ntimaru hakuona haja ya kuwa mkubwa. Si kwamba naye hana dosari. Wengi wao hawapewi chakula cha kutosha, hutembea ovyo mchana, na hubeba maradhi. Mwaka 1994, katika mbuga ya Serengeti iliyo kusini tu mwa nchi ya Wakuria, simba wapatao 1,000, karibu theluthi ya simba wote wa huko, walikufa kwa virusi vya ugonjwa wa mbwa uitwao distempa, ambavyo watafiti walivihusisha na mbwa wa vijiji vya kandokando. Wawindaji wa Bulawayo na majibwa yao mashuhuri hawakupata kuua simba wengi namna hiyo kwa mwaka mmoja. Tena uko ugonjwa wa kichaa cha mbwa, ambao mtu akiisha kuonyesha dalili zake hapana dawa ya kumponya. Mtoto aliyeumwa na mbwa hana budi kuoshwa jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali upesi akachanjwe, hata kama mbwa ni wa nyumbani na jeraha ni dogo. Na mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea.

Nilirudi katika boma lile miaka mingi baadaye, na ikawa ni siku ya chanjo. Watoto walikuwa njiani wakiwavuta mbwa kwa kamba za katani kuelekea uwanja wa shule, ambako tabibu wa mifugo alikuwa ameweka meza chini ya mti. Mzee alikuwa amezeeka, na mbwa wale wa kwanza walikuwa wamekufa zamani. Alikuwapo mmoja wa uzao wao, wa rangi ya udongo, sikio moja limechanika. Usiku uliotangulia alikuwa ametuamsha mara mbili, na mara zote mbili mzee alikuwa amesema sawasawa ni nini kilichokuwa nje. Lakini alipoiona sindano aliingia chini ya ghala la mahindi akakataa kutoka, na mjukuu wa mzee alilazimika kulala kifudifudi na kumbembeleza kwa kipande cha ugali mpaka foleni yote ilipokwisha.